Habari ndogo ni amana

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Wiki hii tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona ni dogo mno, hata halistahili kuandikwa gazetini. Nalo ni zile habari za kila siku ambazo ndugu, majirani na marafiki hutumiana kwa simu: kuku ameangua, mvua imenyesha, mtoto ameota jino, chungu kimeungua. Je, habari hizo ni upuuzi unaotupotezea wakati, au zina haki juu yetu?

Ukifungua kundi la WhatsApp la jamaa au la msikiti hapa mkoani kwetu Singida baada ya Swala ya Alfajiri, utakuta jumbe za aina mbili. Aina ya kwanza ni zile zilizotoka mbali: kadi ya kutakiana Ijumaa njema yenye maua na taa, mawaidha marefu ya shehe wa nchi nyingine, onyo juu ya ugonjwa fulani lisilo na jina la daktari, na dua ambayo mwenye kuipokea huahidiwa kheri akiipeleka kwa watu kumi. Aina ya pili ni zile alizoziandika mtu mwenyewe kwa kidole chake. Wa Mtinko anaarifu kuwa usiku imenyesha; wa Mungumaji anajibu kwamba kwao ni upepo mtupu. Mama wa Utemini anaonyesha kikapu alichoanza kukisuka, anauliza kama rangi nyekundu haijazidi. Kijana mfuga njiwa anaeleza kuwa dume lake lililopotea juzi limerudi. Mwingine anauliza nani amebakiwa na mbegu ya alizeti. Na siku ya mechi katika uwanja wa Liti, utani wa mpira hauishi mpaka Isha.

Watu wengi wenye hekima huiheshimu aina ya kwanza kwa kuwa imevaa joho la dini, na huidharau aina ya pili kwa kuiita porojo. Sisi tunaona kwamba mizani hiyo imepinda, na tunaomba nafasi ya kueleza kwa nini.

Barua, kadi za salamu na simu

Kwanza tukumbushane kwamba kupelekeana habari ndogo si jambo lililoletwa na simu. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha barua ambazo marehemu Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi mwaka 1958, zikiwa zimehaririwa na Profesa Mugyabuso Mulokozi. Huyo ndiye bingwa wa lugha ambaye tungo zake zinasomeshwa mashuleni. Lakini katika barua hizo anaonekana pia kaka mtu, mtumishi wa serikali ya wakati ule, anayemjulisha mdogo wake hali ya nyumbani, ya kazi na ya jamaa. Kwa muda wa miaka 27 undugu wao ulilindwa kwa wino na stempu. Lau wangengoja mpaka pawe na jambo kubwa la kuandikiana, pengine zingepatikana barua chache sana.

Kisha ikaja redio. Wasomaji wetu wenye umri wanazikumbuka kadi za salamu zilizokuwa zikipelekwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya wale anaowasalimu na mahali walipo, akamalizia kwa ujumbe mfupi, akaitia posta. Baada ya siku nyingi mtangazaji aliisoma kwa nusu dakika. Wagonjwa waliolazwa nao walikuwa na kipindi chao, Ugua Pole. Wasalimiaji walijulikana nchi nzima kwa majina ya utani, wakaunda vyama, wakatembeleana kutoka mkoa hadi mkoa, wakahudhuria arusi na misiba ya watu ambao mwanzo waliwajua kwa majina tu hewani. Ndani ya kadi hapakuwa na habari yoyote kubwa. Lakini mama aliyekaa Kiomboi akasikia jina la mwanawe aliye Tanga alijua jambo moja lililomtosha siku ile: mwanangu yu hai, na hajanisahau.

WhatsApp, ambayo Wamarekani Jan Koum na Brian Acton waliianzisha mwaka 2009, haikubuni haja hiyo ya moyo. Imepunguza tu muda wa kungoja. Kutoka hapa Singida hadi Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita zipatazo 700, na vijana wetu wengi wako huko; wengine wako Mwanza na Arusha, na baadhi ya mabinti zetu wako Muscat na miji mingine ya Ghuba wakifanya kazi za majumbani. Kwa familia hizi, simu ndiyo baraza.

Kwa nini swali kubwa halitoshi

Hapa ipo siri ya lugha yetu ambayo inafaa tuitafakari. Mswahili akiulizwa habari, hujibu kuwa ni njema. Akiulizwa hali, husema hajambo. Hata aliyefiwa jana, ukimwuliza habari za nyumbani, atatangulia kusema nzuri, na baada ya hapo ndipo atakapoongeza neno "ila". Haya ni malezi mema; ni namna ya kumshukuru Mola kabla ya kulalamika kwa waja. Lakini matokeo yake ni kwamba swali kubwa hupata jibu lililokwisha kuandaliwa, na ukweli hubaki nyuma ya "ila", ukingoja mwenye subira ya kuusikiliza.

Tunamfahamu mama mmoja ambaye binti yake anafanya kazi Ghuba. Mama huyu hamwulizi mwanawe kama yu mzima, kwa kuwa analijua jibu. Kila usiku humwuliza mambo madogo: leo umepika nini, umekula saa ngapi, nguo umeanika wapi, mtoto unayemlea amejifunza neno gani jipya. Binti akijibu kwa urefu na kucheka, mama hulala. Siku mbili mfululizo akijibu kwa neno moja moja, mama hulitafuta lile "ila". Kwa njia hiyo aliwahi kujua kwamba binti yake alikuwa na homa na alikuwa akifanya kazi hivyo hivyo, akawaomba jamaa walioko mji ule wampigie mwajiri na kumwombea ruhusa ya kwenda hospitali. Swali kubwa lisingemfunulia jambo hilo. Lililomfunulia ni swali la mchuzi.

Ndege wa Abu Umayr

Huenda msomaji akasema: hayo ni mazoea ya watu, dini inasemaje? Tunamrudisha kwenye Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.). Anas alikuwa na mdogo wake, mtoto mchanga wa umri, ambaye Mtume (s.a.w.) alimwita kwa kuniya ya heshima, Abu Umayr. Mtoto huyo alikuwa na kijindege alichokuwa akichezea, na Mtume (s.a.w.) alipokwenda nyumbani kwao alimwuliza habari za ndege wake yule. Katika baadhi ya mapokezi imeelezwa kuwa ndege alikuwa amekufa na mtoto amehuzunika.

Tulipime jambo hili. Ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye kubeba Wahyi, mwenye kupokea wajumbe wa makabila na kuamua kesi za watu, naye anapata nafasi ya kumwuliza mtoto habari za ndege. Wanavyuoni wetu hawakulipita jambo hilo kama porojo. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madh'hab ya Imamu Shafi aliyefariki katika karne ya nne Hijria, alitunga kijitabu kizima juu ya Hadithi hii moja, akachambua ndani yake faida zipatazo 60 za fiq'hi na adabu. Swali moja fupi kwa mtoto, faida 60. Basi anayedhani kwamba habari za vifaranga na njiwa hazina nafasi katika mazungumzo ya Waislamu na airejee Hadithi hiyo.

Na tusisahau kisa cha Hanzala (r.a.), kilichopokewa na Muslim. Alidhani amekuwa mnafiki kwa sababu alipokuwa mbele ya Mtume (s.a.w.) aliikumbuka Akhera kana kwamba anaiona, na aliporudi kwa mkewe, watoto na shughuli zake akasahau mengi. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu, alimfahamisha kwamba moyo una saa ya hili na saa ya lile. Kwa hiyo, mama anayesuka kikapu chake jioni na baba anayefuga njiwa hawajaiacha dini. Wako katika saa yao, maadamu hawajaacha faradhi wala hawajaingia katika haramu.

Hoja za wazee na bibi wa kuku

Haya yote hatuyasemi kwa nadharia. Hivi karibuni suala hili lilifikishwa mbele ya kamati ya msikiti wetu. Baadhi ya wazee waliomba kundi la msikiti lifungwe, ili viongozi peke yao waweze kuandika na waumini wabaki kusoma. Hoja zao zilikuwa nzito, na ni haki tuzieleze kama walivyozisema.

Walisema: kundi limebeba jina la msikiti, na msikiti una heshima yake. Walisema: wako waumini wanaonunua bando dogo kwa taabu, na picha za watu huwamalizia. Walisema pia jambo lililotuumiza sote: tangazo la janaza lililotumwa usiku lilizama chini ya jumbe nyingine, na waliofika makaburini asubuhi wakawa wachache kuliko ilivyostahili. Kumsindikiza maiti ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake, na familia ile ilikuwa na haki ya kuumia.

Kazi ya kuyapitia mazungumzo ya usiku ule ilikabidhiwa kwetu sisi wa ukatibu. Tuliyasoma ujumbe baada ya ujumbe, na tukaleta taarifa kikaoni. Kilicholifunika tangazo la janaza hakikuwa mvua ya Mtinko wala kikapu cha Utemini. Zilikuwa kadi, video na mawaidha yaliyosambazwa kutoka makundi mengine, baadhi yakiwa yamerudiwa na watu watatu au wanne ambao kwa dhahiri hakuna aliyetazama kwanza kama mwenzake amekwisha kuyatuma. Kilichomaliza bando la maskini ni hicho hicho.

Ndipo mjumbe mmoja akakumbusha habari ya bibi yetu wa Mandewa. Bibi huyu anaishi peke yake na anafuga kuku wa kienyeji, hawa ambao mkoa wetu unasifika kwao. Mjukuu wake alimnunulia simu, akamfundisha kutuma ujumbe wa sauti. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alikuwa akiwatolea waumini salamu na kuwaeleza hali ya banda lake: leo mayai ni manne, leo mwewe amechukua kifaranga, leo tetea mweusi ameanza kuatamia. Wapo walionuna, wapo waliocheka, wengi walipita.

Wiki moja sauti yake haikusikika. Majirani zake walidhani amekwenda Manyoni kwa binti yake. Aliyetambua alikuwa kijana wa bodaboda ambaye mwenyewe haandiki kamwe katika kundi. Alisema kuwa amezoea kumsikia bibi anapongoja abiria wa kwanza, na asubuhi ya tatu akaona kuna kitu kimepungua. Akamchukua mama yake mzazi, kama adabu inavyotaka, wakaenda kubisha hodi. Kuku walikuwa bado wamefungiwa bandani wakipiga kelele. Bibi alikuwa kitandani, ameshikwa na homa kali, na mtungi wa maji umekauka. Walimpeleka hospitali siku ile ile, na kwa rehema za Allah alipata nafuu.

Wajumbe wa kamati walipokwenda kumjulia hali na kumweleza namna alivyogunduliwa, alishangaa. Akasema, "Kumbe mnanisikia, wanangu? Hakuna aliyekuwa akinijibu. Nilidhani najisemea mwenyewe."

Neno hilo lilinyamazisha watu chumbani, na tunalileta mbele ya wasomaji kwa sababu lina hukumu ndani yake. Bibi alikuwa akianza kila ujumbe kwa salamu ya Kiislamu. Imamu Nawawi, katika kitabu chake Al-Adhkar, ametaja kauli ya wanavyuoni wa madh'hab yetu kwamba salamu iliyoandikwa katika barua inapomfikia mtu, ni wajibu airudishe. Na salamu inapotolewa kwa jamaa ya watu, akiitikia mmoja wao wengine huvuliwa dhima. Asipoitikia yeyote, dhima huwakalia wote. Kundi lenye mamia ya Waislamu ambamo bibi mmoja anatoa salamu asubuhi baada ya asubuhi pasi na mwitikio, hilo ni kundi lenye deni.

Aliyefagia msikiti

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), kulikuwa na mtu, na katika baadhi ya mapokezi ni mwanamke mweusi, aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Siku moja Mtume (s.a.w.) hakumwona, akamwulizia. Akaambiwa kwamba amekufa. Akawauliza Masahaba kwa nini hawakumjulisha. Ilikuwa kana kwamba wameiona habari ya mtu yule ni ndogo. Akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia.

Hatuwezi kujua kuwa mtu ametoweka ikiwa hatukuwa tukitambua kwamba yupo. Mtume (s.a.w.) aliuona ukimya wa mfagiaji kwa kuwa aliuona ufagio wake. Yule kijana wa bodaboda alisikia kunyamaza kwa bibi kwa kuwa alikuwa akizisikia habari za kuku wake. Hii ndiyo tofauti kati ya ujumbe wa mtu mwenyewe na ujumbe uliosambazwa. Mawaidha yaliyosambazwa, hata yawe mazuri kiasi gani, hayatujulishi lolote juu ya aliyeyatuma. Mtu anaweza kutuma kadi ya Ijumaa njema akiwa hana unga ndani, au akiwa ameachika juzi, au akiwa ameshakata tamaa ya maisha, na kadi itang'aa vile vile. Lakini anayetuambia kuwa mtama wake umeliwa na ndege ametufungulia mlango, na ametukabidhi amana.

Katika mkoa wetu, ambao mvua zake ni za msimu mmoja na wastani wake ni kati ya milimita 500 na 800 tu kwa mwaka, amana hiyo ina maana kubwa zaidi. Wa Mtinko anaposema imenyesha na wa Mungumaji anaposema bado, hawapigi soga. Wanajulishana nani atavuna na nani mwakani atahitaji kusaidiwa kwa Zaka na sadaka bila ya yeye kunyosha mkono.

Mipaka ya habari ndogo

Tukishasema hayo, tusiuache mlango wazi bila bawabu. Habari ndogo nayo ina mipaka yake, na mpaka wa kwanza ni ruhusa. Sura ya An-Nur imetufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Picha ni nyumba. Wako watu ambao, kwa nia njema ya kuomba dua, hupiga picha ya mgonjwa kitandani, nguo zimemkaa vibaya na uso umebadilika, wakaipeleka kwa mamia ya watu. Mgonjwa huyo hakuulizwa. Dua haihitaji picha. Mwenyezi Mungu anamjua mja wake kwa jina na bila jina. Hata sheria ya nchi imelisogelea jambo hili: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa ni taarifa nyeti. Lakini Mwislamu asingoje sheria ya nchi ndipo astahi.

Mpaka wa pili ni sitara ya nyumba. Habari za kuku na kikapu ni za kusimuliwa. Habari za ugomvi wa mume na mke, madeni ya baba, na makosa ya mtoto shuleni si za kundi. Mke anayeandika kwa mafumbo ili mumewe asome na watu wasome, na mume anayefanya vivyo hivyo, wote wawili wamelivua vazi la nyumba yao hadharani.

Mpaka wa tatu ni kuchunga moyo wa jirani. Sahani iliyojaa pilau si vibaya kuonyeshwa siku ya Idi, wakati watu wote wanasherehekea. Lakini mwezi wa Februari, ambapo maghala ya wengi yamebaki na vumbi na mavuno bado yako shambani, anayeonyesha sahani yake kila siku na ajiulize ni nani anaitazama, na kama amekwisha kumpelekea jirani japo mchuzi.

Mpaka wa nne ni uhakika. Sura ya Al-Hujurat imetuamrisha tuzichunguze habari zinapoletwa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mwaka 2018 uvumi uliosambazwa kwa WhatsApp nchini India ulisababisha watu wasio na hatia kuuawa na makundi yenye hasira, kwa kudhaniwa kuwa ni wezi wa watoto. Baada ya hapo, mwezi Januari mwaka 2019, kampuni hiyo iliweka kikomo duniani kote kwamba ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya mahali patano kwa mara moja, na mwaka 2020 ikapunguza hadi mahali pamoja kwa jumbe ambazo zimekwisha kuzunguka mno. Ni ajabu kwamba wafanyabiashara walilazimika kutufunga mikono juu ya jambo ambalo Qur'an ilitukataza karne 14 zilizopita.

Na mpaka wa tano, ambao kwa familia ndio mkubwa, ni walio karibu. Haifai mtu amjibu rafiki wa Dodoma kuhusu njiwa wake huku mwanawe mwenyewe amesimama mlangoni na daftari mkononi. Abu Umayr wa kwanza wa kila mzazi yumo ndani ya nyumba yake.

Tulilokubaliana

Baada ya mazungumzo marefu, kamati haikulifunga kundi. Ilianzisha kundi la pili la matangazo tu, ambamo wasimamizi peke yao huandika: janaza, darsa, michango na nyakati za Swala. Hilo la kwanza likaachwa liwe baraza, na akina mama wakawa na lao wanalolisimamia wenyewe. Barazani hairuhusiwi kutuma kilichosambazwa, ila kwa mtu aliyekisoma au kukisikiliza chote na akaandika kwa maneno yake kwa nini anakileta. Picha ya mtu mwingine haitumwi bila idhini yake. Na kwa mfano wa nyumba kumi tulizozizoea, kila mtaa umepewa watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, wa kuitikia salamu na kumwulizia mwenye kunyamaza. Wazee waliotaka kundi lifungwe ndio walioomba kifungu hicho cha mwisho kiandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Hatudai kwamba utaratibu huo unafaa kwa kila msikiti. Tunachowaomba wasomaji wetu ni jambo jepesi, na linaweza kuanza leo ndani ya familia. Kabla ya kusambaza kadi iliyotengenezwa na mtu usiyemjua, andika mstari mmoja wako mwenyewe: umeamkaje, umepanda nini, mtoto amesema nini. Ukipokea mstari kama huo kutoka kwa mwenzako, usiupite. Mwitikie, japo kwa neno moja. Ukimwuliza mtu habari zake akasema ni njema, ngoja kidogo, pengine iko "ila". Na ukiona jina ambalo kwa kawaida husema limenyamaza, piga simu. Simu isipopokewa, vaa viatu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe ndugu wenye kuulizana, azisitiri nyumba zetu, awahifadhi watoto wetu walio mbali, na aiteremshe mvua ya kheri katika mashamba ya Singida na ya nchi yote. Amin.

Wabillahi tawfiq.